Kufufua laptopu ya GB 1 au 2 kwa Linux: kazi nzima, kuanzia bisibisi hadi kupandisha toleo

Maalim mmoja wa madrasa alinijia Langoni, hapa Lamu, kabla ya adhuhuri, mkononi mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko leso, ndani ya leso laptopu. Ilikuwa imevuka maji kutoka Mokowe asubuhi hiyo.

"Fundi, hii yafaa, au nimebebeshwa mzigo?"

Niliigeuza chini juu nikasoma kibandiko. HP Mini, kidude cha inchi 10, prosesa Atom N270, RAM GB 1, na ndani yake Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuitunza tangu Aprili 2014.

"Yafaa, maalim. Ila niambie kwanza wataka ikufanyie nini."

Alitaka kuandika mitihani kwa Kiarabu na Kiswahili, kusikiliza visomo, na kuchapa. Video hakuzitaja. Hapo nikamwambia aniachie siku mbili.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa na mgonjwa mwingine mezani, Dell Latitude E6400 yenye Core 2 Duo na RAM GB 2, ya kijana anayeandika hesabu za dukani kwao. Mwongozo huu wa kuzitia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, unafuata mashine hizo mbili, kwa sababu karibu kila laptopu kuukuu inayoletwa kwangu inafanana na mojawapo. Tangu Windows 10 ikatiwe masasisho tarehe 14 Oktoba 2025 zimeongezeka, maana Windows 11 inadai RAM GB 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine za umri huu hazina.

Vijana wanaojifunza kazi hii huanza na sura. Hupakua Linux inayong'aa kuliko zote, wakaitia kwenye mashine ya GB 1, kisha wakasema Linux ni nzito. Mashine kuukuu iulize mambo mawili tu: ina RAM kiasi gani, na prosesa yake ni ya biti 32 au 64. Majibu hayo ndiyo yatakayokuchagulia toleo na kivinjari, na ndiyo yatakayoamua kama utapandisha toleo baadaye au utabaki ulipo.

Pima kabla ya kupakua

Mimi nina fleshi moja ya kipimo. Ndani yake mna antiX, aina nyepesi ya Linux, ya biti 32, inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Nachagua ya biti 32 kwa sababu prosesa ya 64 huikubali pia, lakini kinyume chake hakiwezekani. Ikiwaka, fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uandike:

lscpu
free -h

Kwenye lscpu tazama mstari wa CPU op-mode(s). Ukiona 32-bit peke yake, ndiyo hivyo. Ukiona 32-bit, 64-bit, umebahatika. N270 ni ya 32 tu. Core 2 Duo ni ya 64. Jihadhari na Core Duo isiyo na ile 2 katikati: hiyo ni ya 32, na nimewaona mafundi wazoefu wakiichanganya.

Kisha uliza mashine inaweza kuongezwa RAM hadi wapi (sudo ni kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, aitwaye root):

sudo dmidecode -t memory

Soma Maximum Capacity na Number Of Devices. Wakati mwingine BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) hudanganya kwenye ule ukomo, lakini idadi ya nafasi kwa kawaida ni sahihi. Kama nafasi moja iko tupu, basi kabla ya kuhangaika na programu nyepesi tafuta kijiti cha RAM. Laptopu zilizokufa skrini ndizo ghala letu. DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, ile pengo ya chini haikai mahali pamoja, kwa hiyo usilazimishe.

Ile HP Mini ina nafasi moja tu, na mwisho wake ni GB 2. Nilikuwa na kijiti cha GB 2 cha DDR2 kwenye kopo la maziwa. Kikaingia. Tayari mashine ilikuwa imepata maisha mengine kabla sijapakua hata baiti moja.

Bisibisi kwanza

Huku kwetu hewa ina chumvi. Msimu wa kusi hata mlango wa mbao unavimba, sembuse miguu ya shaba ya RAM. Nusu ya laptopu ninazoambiwa "zimekufa", yaani zinawasha taa, skrini nyeusi, zinapiga mlio mara kadhaa, huwa hazijafa. Zimeota ukungu wa kijani kwenye viunganishi.

Toa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Fungua skrubu za kifuniko cha chini, sukuma vibanio viwili vya pembeni, kijiti cha RAM kitainuka chenyewe. Chukua raba ya kufutia penseli, safi, nyeupe, usugue ile safu ya dhahabu pande zote mbili polepole mpaka ing'ae. Pangusa vumbi la raba kwa brashi kavu. Usipulize kwa mdomo, mate yana unyevu na chumvi yake. Kwenye nafasi yenyewe tumia brashi na spiriti kidogo, uache ikauke kabisa ndipo urudishe.

Ukiwa huko ndani, safisha feni. Vumbi la Lamu lina mchanga na manyoya ya paka, na prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, kisha watu wakalaumu mfumo.

Tafuta pia betri ndogo ya saa, ile duara ya CR2032. Ikiisha, mashine husahau tarehe kila ukichomoa chaja, na jambo hilo dogo litakusumbua kuliko yote. Kompyuta ikidhani leo ni mwaka 2009, tovuti zote salama zitakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake "havijaanza", na apt, amri ya kusakinisha programu, itagoma kwa ujumbe kwamba faili ya Release is not valid yet. Nimewahi kupoteza alasiri nzima nikilaumu mtandao wa simu, kumbe ni saa. Kama huna betri nyingine leo, rekebisha kwa mkono, ukiandika tarehe na saa ya sasa:

sudo date -s "2025-11-20 16:30"

Kumbuka tu kwamba saa kumi na nusu ya alasiri kompyuta inaijua kama 16:30. Usiandike 10:30.

Kuchagua, bila mapenzi

Biti 32, RAM GB 1 au pungufu: antiX 23. Imejengwa juu ya Debian 12, Linux nyingine, haitumii systemd (programu inayowasha huduma za mfumo), na meza yake, yaani sura ya madirisha na menyu, ya IceWM ikitulia hula kama MB 200 hivi, kutegemea mashine. Imekuja na kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani pia, kwa zile prosesa zisizokuwa na PAE, njia ya prosesa ya biti 32 kufikia RAM zaidi ya GB 4. Sura yake si ya kuonyesha wageni, sikatai.

Biti 32, RAM GB 2: antiX hiyo hiyo, au Debian 12 yenye meza ya LXDE. Debian 12 ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi cha biti 32, na timu ya masasisho ya muda mrefu inaitunza hadi Juni 2028. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya i386, yaani biti 32. Watu wa biti 32 wameambiwa wabaki walipo.

Biti 64, RAM GB 2: Debian 13 yenye meza ya LXQt. Hii ndiyo niliyoipa Latitude. Wapo wanaosema mashine ya biti 64 yenye RAM ndogo itiwe mfumo wa biti 32 kwa kuwa unakula kumbukumbu kidogo. Kweli unakula kidogo. Lakini umeingia barabara iliyofungwa mbele: hata Mozilla wameacha Firefox ya biti 32 kwa Linux, ya 144 ikiwa ndiyo ya mwisho, ikabaki ile ya ESR 140, ya masasisho ya muda mrefu, kwa muda tu. Kwa GB 2 mimi natia 64 bila kusita.

RAM GB 4 na zaidi: Linux Mint ya Xfce, ufunge mjadala. Mashine hiyo kwangu haihesabiki kuwa kuukuu.

Kupakua, na namna nilivyoteketeza picha za harusi

Faili ya netinst (kisakinishi kidogo) ya Debian haifiki GB 1, lakini vitu vingine itavivuta mtandaoni wakati wa kusakinisha, kwa hiyo bando lako lihesabu hilo. antiX kamili ni kubwa zaidi ila ina kila kitu ndani yake, hata pasipo mtandao unamaliza. Kwa mtu wa Kizingitini au Faza ambako mtandao unakuja na kuondoka, hilo peke yake linatosha kuchagua antiX.

Ukishapakua, hakiki. Bando likikatika katikati, faili huonekana nzima kumbe imechubuka. Kwenye Linux:

sha256sum antiX-23.iso

Kwenye Windows:

certutil -hashfile antiX-23.iso SHA256

(Jina la faili andika lile lililoko kwako.) Linganisha ule msururu na ulioandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Herufi sita za mwanzo na sita za mwisho zinanitosha.

Kuandika kwenye fleshi: kama uko Windows tumia Rufus, chagua MBR kwa mashine za BIOS ya zamani, na ikikuuliza namna ya kuandika, chagua DD. Kama uko Linux:

lsblk
sudo dd if=antiX-23.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Ile X ndiyo yenye hatari. Siku moja nilikuwa na fleshi na diski ya nje kwenye mashine moja. Jana yake fleshi ilikuwa sdb, nami nikaandika sdb kwa mazoea. Siku hiyo sdb ilikuwa diski ya nje, yenye picha za harusi ya binti wa ndugu yangu. Majina hayo hugawiwa upya kila mara, yule anayetangulia kuchomekwa ndiye anayetangulia kupewa. Nilipoona baiti zinakwenda haraka mno nikajua. Niliziokoa chache, zile za ukumbini hazikurudi, na mpaka leo shemeji akinipita njiani ananisalimu kwa ufupi. Tangu hapo naandika lsblk, nasoma ukubwa, nachomoa fleshi, naandika lsblk tena nione kipi kimetoweka. Na kitu chochote cha nje kinakaa mezani, hakichomekwi.

Kusakinisha

Kwanza toa mali ya mwenyewe. Washa kwa fleshi ya kipimo, fungua diski ya zamani, nakili nyaraka na picha kwenye fleshi nyingine. Muulize mwenyewe kwa mdomo: "Kuna kitu humu unakihitaji?" Kisha nakili hata akisema hakuna.

Kufikia menyu ya kuwashia: Dell ni F12, HP ni Esc kisha F9, ThinkPad F12, Toshiba F12, Asus nyingi ni Esc. Acer ni F12 pia, lakini mara nyingi imezimwa na lazima uingie BIOS kwa F2 uiwashe. Gonga kitufe mfululizo tangu sekunde ya kwanza, usikibonyeze ukakishikilia.

Skrini ikiwa nyeusi baada ya menyu, usikate tamaa. Rudi kwenye menyu, bonyeza e (au Tab kwenye menyu za zamani), nenda mwisho wa mstari wa linux, acha nafasi, andika nomodeset, kisha F10 au Enter. Kadi za picha kongwe za Nvidia hupenda mchezo huu.

Kwa antiX, ukishaona meza, bonyeza alama ya kusakinisha. Mashine ikikuuliza nenosiri wakati bado iko kwenye fleshi, la mtumiaji demo ni demo, na la root ni root. Chagua diski nzima, fuata maswali, saa za eneo Africa/Nairobi. Kwa GB 1 hakikisha swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) ipo, angalau GB 2. Kazi yote kwenye ile HP Mini ilichukua muda wa kuswali na kunywa kahawa ya tangawizi pale barazani, nikarudi nikakuta inasubiri kuzimwa.

Kwa Debian, chagua usakinishaji wa maandishi, si ule wa picha. Ni maswali yale yale na unaokoa kumbukumbu. Mambo matatu hapa yanawakwaza watu.

Kisakinishi kikiuliza nenosiri la root, liache tupu ubonyeze Enter. Hapo mtumiaji wa kwanza utakayemuunda atapewa sudo. Ukiliandika, hatapewa sudo, na utakuja kuniuliza kwa nini amri zote hizi zinakataa.

La pili ni orodha ya meza. GNOME huja imeshawekewa alama. Iondoe kwa kitufe cha nafasi, weka alama kwenye LXQt. Ukisahau, mashine ya GB 2 itapata GNOME, nayo itatembea kama punda aliyepakiwa mawe ya matumbawe ya ghorofa nzima.

La tatu ni Wi-Fi. Tangu Debian 12 faili za kadi nyingi ziko ndani ya kisakinishi, lakini Broadcom za zamani bado hazisikii. Usipoteze muda: chukua simu, iunganishe kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB. Kisakinishi kitaiona kama kadi ya waya. Kazi ikiisha, utashughulikia Broadcom kwa utulivu. Kadi nyingi za aina hiyo hutulizwa na firmware-b43-installer, ambayo iko kwenye sehemu ya contrib.

Kubana kumbukumbu

Mfumo wenyewe sasa ni mwepesi. Mlafi aliyebaki ni kivinjari, na hapo ndipo GB 2 hupotea.

Kwenye Debian anza na zram. Ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe lakini imeminywa: kurasa zisizotumika zinafinywa badala ya kutupwa diskini, na kwa diski ya zamani ya kuzunguka tofauti unaisikia kwa masikio, ule mkwaruzo unapungua.

sudo apt install zram-tools
sudo nano /etc/default/zramswap

Toa alama ya # mbele ya mistari hii miwili uiweke hivi:

ALGO=lz4
PERCENT=50

Wengi hupendekeza zstd kwa kuwa inaminya zaidi. Kwa Core 2 Duo mimi nabaki na lz4, prosesa haichoki. Kisha:

sudo systemctl restart zramswap
swapon --show

Ukiona /dev/zram0 kwenye orodha, imeshika.

Kwenye Firefox ESR tia uBlock Origin kabla ya kitu kingine chochote. Watu huifikiria ni ya kuondoa matangazo tu, lakini kwa mashine hii matangazo ni mzigo wa RAM na wa bando kwa pamoja. Halafu andika about:config, tafuta dom.ipc.processCount.webIsolated, ipunguze iwe 1. Tabo tatu, nne, basi. Nilimwambia yule kijana wa Latitude hivyo, akacheka, "Kaka, mimi hufungua ishirini." Nikamwonyesha free -h akiwa na tabo nne, kisha akiwa na ishirini. Hakucheka tena.

Kama diski ni ile ya kuzunguka na mwenyewe ana chochote mfukoni, SSD ndogo ya SATA inamfaa kuliko ushauri wote huu. Inchi 2.5, inaingia pale pale.

Ya maalim ilihitaji jambo moja zaidi, Kiarabu. Kwenye antiX na kwenye LXQt amri ni moja:

setxkbmap -layout us,ara -option grp:alt_shift_toggle

Alt na Shift kwa pamoja hubadilisha kibodi, ukibonyeza tena inarudi. Iweke kwenye faili ya kuanzia ya meza yako ili isipotee ukizima. Kwenye antiX ya IceWM ni ~/.desktop-session/startup, uiandike mwishoni pamoja na alama ya &. Fonti nzuri ya Amiri inapatikana kwa sudo apt install fonts-hosny-amiri. Maalim alipoona harakati za herufi zimekaa mahali pake alisoma mstari mzima kwa sauti, kisha akaniuliza kwa nini XP haikuwahi kumwandikia hivi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba iliweza, hakuna aliyeiwashia.

Mashine nyingi, bando moja

Kama una darasa la kompyuta kumi, usipakue mara kumi. Kwenye moja yenye diski kubwa sakinisha apt-cacher-ng. Kwenye zilizobaki unda faili /etc/apt/apt.conf.d/00proxy yenye mstari huu, ukiweka anwani ya ile ya kwanza:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kifurushi kikishapakuliwa mara moja, tisa zilizobaki zinachota kwa jirani. Ukiwa huna mtandao wa ndani, nakili faili za .deb kutoka /var/cache/apt/archives ya mashine iliyokwisha kusasishwa kwa apt-get (maana amri ya apt huzifuta ikimaliza), uziweke kwenye folda hiyo hiyo ya nyingine kwa fleshi. Mradi zote ziwe toleo moja na biti sawa.

Kupandisha toleo

Hapa nazungumzia Debian 12 (jina lake bookworm) kwenda 13 (trixie). antiX siipandishi kutoka toleo kubwa hadi jingine. Nasakinisha upya na kumwambia kisakinishi kihifadhi /home.

Kabla ya yote:

dpkg --print-architecture

Likija jibu i386, acha hapo hapo. Hakuna njia ya kwenda 13 kwa mashine hiyo, endelea na masasisho ya 12. Hata kama prosesa ni ya 64 lakini mfumo uliosakinishwa ni i386, nakili mali, sakinisha upya. Likija amd64, yaani biti 64, endelea.

Nakili nyaraka nje. Tazama nafasi kwa df -h; ikiwa ndogo, sudo apt clean. Kama uliongeza vyanzo vya watu wengine kwenye /etc/apt/sources.list.d, vizime kwanza. Na chaja: betri za laptopu hizi nyingi ni mapambo, umeme ukikatika zinazima papo hapo. Usianze jioni ambapo tokeni inakaribia kuisha.

Toka kwenye meza. Bonyeza Ctrl, Alt na F2, ingia kwa jina lako, kisha zima meza ya picha:

sudo systemctl isolate multi-user.target

Unapata kumbukumbu karibu yote kwa kazi hii, na meza haitakuangukia katikati ya kubadilishwa. Kama mtandao wako ni Wi-Fi ya meza na umepotea, rudi kwenye waya wa simu. Halafu kwa mpangilio huu:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade
sudo sed -i 's/bookworm/trixie/g' /etc/apt/sources.list
sudo apt update
sudo apt upgrade --without-new-pkgs
sudo apt full-upgrade

Ile hatua ya --without-new-pkgs watu huiruka. Usiiruke: inapandisha kwanza vile visivyohitaji kuongeza wala kuondoa kitu, ndipo ile kubwa inakuwa na mizozo michache. Kabla ya kukubali full-upgrade ya mwisho, soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukiona meza yako nzima imo, jibu hapana, tafuta sababu.

Ikikuuliza kuhusu faili ya mipangilio, ibakize yako, ni N. Umeme ukikatika katikati, washa, ingia, kisha:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
sudo apt full-upgrade

Mara zote mbili zilizonipata iliendelea ilipoachia.

Sasa kabla hujazima na kuwasha, kuna jambo linalohusu sisi wa RAM ndogo. Debian 13 inaweka /tmp ndani ya RAM, na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Kwenye mashine ya GB 16 hutaona chochote. Kwenye GB 2, programu moja ikimwaga faili kubwa la muda huko, unazama. Irudishe diskini:

sudo systemctl mask tmp.mount
sudo reboot

Ikiwaka salama, sudo apt autoremove na sudo apt clean. Angalia zramswap bado inafanya kazi.

Kisha chukua kipande cha karatasi na gundi ya plastiki, ubandike kwenye tumbo la laptopu. Ya kijana niliandika: Debian 13, amd64, LXQt, /tmp iko diskini. Ya maalim niliandika antiX 23, i386, RAM GB 2, na chini yake kwa herufi kubwa: USIANDIKE TRIXIE. Fundi atakayeifungua miaka miwili ijayo huenda asiwe mimi.